Kutolewa kizazi: ukeni, kwa matundu, kwa kufungua tumbo au kwa roboti? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mwanamke aliyekwisha kuambiwa kwamba kizazi kitolewe, pamoja na ndugu watakaomsindikiza na kuchangia bili. Unahusu zaidi magonjwa yasiyo saratani: fibroidi (uvimbe wa misuli ya kizazi), hedhi nyingi isiyosikia dawa, adenomayosisi (utando wa ndani wa kizazi kuota ndani ya misuli yake), kizazi kushuka. Saratani ina sehemu yake huko chini. Upasuaji wa dharura baada ya kujifungua, damu inapogoma kukata, haumo humu. Hapo tumbo hufunguliwa tu, hakuna muda wa kuchagua njia.

Njia zenyewe ni zipi?

Ya kwanza ni kupitia ukeni. Hakuna mkato tumboni. Daktari anafanya kazi yote kutokea chini na kizazi kinatokea huko huko. Ndiyo njia kongwe kuliko hizi nyingine: Conrad Langenbeck wa Ujerumani aliifanya mwaka 1813, kabla dawa ya usingizi haijaanza kutumika.

Ya pili ni kufungua tumbo, ama kwa mkato wa mlalo juu kidogo ya mstari wa nywele za kinena, ama kwa mkato wa wima kutoka chini ya kitovu. Ya tatu ni upasuaji wa matundu: kamera na vyombo vyembamba vinapita kwenye matundu matatu au manne, moja la milimita 10 hivi kitovuni na mengine ya milimita 5. Harry Reich aliifanya kwa mara ya kwanza Pennsylvania, Marekani, mwaka 1988. Roboti ni aina ya hiyo hiyo njia ya matundu, ila vyombo vinashikwa na mikono ya mashine na daktari anaviongoza akiwa ameketi pembeni.

Ipo pia njia mseto, ambapo kazi ya juu inafanywa kwa matundu na ya chini inamaliziwa ukeni.

Ipi ni bora?

Kama kizazi kinaweza kutoka ukeni, kitolewe ukeni. Huo ndio msimamo wa chama cha madaktari wa magonjwa ya wanawake cha Marekani katika mwongozo wake wa 2017, na ndicho kinachoonekana pia katika mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti nyingi zilizowapanga wanawake kwa kura. Katika mapitio ya 2015, waliopasuliwa ukeni walirudi kwenye shughuli zao za kawaida siku 9 hadi 10 mapema kuliko waliofunguliwa tumbo. Wa matundu waliwatangulia wa tumbo kwa karibu wiki mbili, lakini majeraha ya kibofu na mirija ya mkojo yalikuwa zaidi ya mara mbili.

Pale ambapo ukeni haiwezekani, matundu ndiyo yanayofuata, kwa sharti kwamba daktari amefanya upasuaji wa aina hiyo mara nyingi. Kufungua tumbo kunabaki kwa kizazi kisichofikika kwa njia hizo mbili. Kwa bahati mbaya mambo mara nyingi huenda kinyume: tumbo ndilo linalofikiriwa kwanza, na njia ya ukeni, ambayo haihitaji kamera wala gesi ya kujazia tumbo, inakumbukwa tu kizazi kikiwa tayari kimetoka nje.

Mbona basi nimeambiwa nifunguliwe tumbo?

Sababu za kweli zipo. Kizazi kikubwa mno ni mojawapo. Kizazi cha kawaida kina uzito wa gramu 70 hivi. Kikifikia ukubwa wa mimba ya wiki 12, yaani gramu 280 kwenda juu, kupita ukeni kunaanza kuwa kugumu, ingawa mikono iliyozoea inakikata vipande na kukitoa. Kikifika kitovuni au kupita, wengi hufungua. Sababu nyingine ni utumbo ulioshikana na kizazi kutokana na maambukizi ya nyonga au endometriosisi (utando wa ndani wa kizazi kuota nje yake), uvimbe wa ovari unaotiliwa shaka, na kizazi kisichosogea kabisa daktari anapokipima kwa mkono.

Kuna na sababu zisizohusu mwili wako: hospitali haina mtungi wa gesi unaofanya kazi, kamera imeharibika, au daktari hakupata mafunzo ya kutosha ya njia nyingine. Si aibu kuuliza. Muulize hivi: "Daktari, kinachozuia njia ya ukeni kwangu ni kitu gani hasa?" Jibu likiwa ni ukubwa, kushikana au shaka ya saratani, limekamilika. Likiwa ni "hapa tunafungua tu", na ugonjwa wako si wa haraka, una haki ya kupata maoni ya daktari bingwa mwingine. Ila usimlazimishe daktari afanye njia asiyoizoea. Mkato safi wa tumbo kutoka kwa mtu anayeujua vizuri ni salama kuliko matundu ya mtu anayejifunza bila msimamizi.

Wanaojua njia ya matundu wanaongezeka katika ukanda wetu. Kigali, kwa mfano, kuna kituo cha IRCAD Africa kilichofunguliwa 2023 mahsusi kwa kufundisha upasuaji huo.

Nilijifungua kwa upasuaji. Njia ya ukeni imefungwa kwangu?

Hapana. Tatizo ni kibofu: baada ya upasuaji wa uzazi, hasa ukirudiwa mara mbili au tatu, kibofu hugandamana na kovu la mbele ya kizazi, na pale daktari anapokisukuma juu ndipo kinapoweza kuchanika. Anayejua hutenganisha kwa mkasi wenye ncha kali na hasukumi kwa kidole, maana kidole hupasua palipo dhaifu, na palipo dhaifu ni kibofu na si kovu. Mwambie idadi ya visu vyako na kama mojawapo kilipata usaha.

Asiyewahi kuzaa kabisa naye hazuiliwi moja kwa moja. Kinachoangaliwa ni upana wa uke na kama kizazi kinashuka kidogo kikivutwa.

Fibroidi kubwa inapitaje kwenye tundu la sentimita moja?

Haipiti nzima. Ama inapitishwa ukeni baada ya kizazi kuachiliwa juu, ama inakatwakatwa ndani ya tumbo. Zamani ilitumika mashine ya kusaga, kisu kinachozunguka ndani ya bomba. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa na vifaa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo: ilikadiria kwamba mwanamke 1 kati ya 350 wanaofanyiwa upasuaji kwa sababu ya fibroidi ana sakoma, aina ya saratani ya kizazi, iliyojificha, na kuisaga kunaitawanya tumboni. Leo kipande kikitakiwa kukatwa, kinawekwa kwanza ndani ya mfuko maalumu. Mwanamke aliyekoma hedhi ambaye fibroidi yake inakua hatakiwi kusagwa kabisa; huyo atolewe kizazi kikiwa kizima, hata kama ni kwa mkato mkubwa.

Nitalala usingizi au nitapigwa ganzi ya mgongo?

Ukeni na tumbo vyote vinawezekana kwa ganzi ya uti wa mgongo: unakuwa macho, huhisi kitu kuanzia kiunoni kwenda chini. Matundu kwa kawaida yanahitaji usingizi kamili na mpira wa kupumulia kooni, kwa sababu tumbo linajazwa gesi ya kaboni dioksaidi kwa shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki na kitanda kinainamishwa kichwa chini ili utumbo usogee. Mwenye ugonjwa mkali wa moyo au mapafu huenda asivumilie mkao huo. Ganzi ni nafuu zaidi kwenye bili pia.

Ndani ya chumba cha upasuaji kunafanyika nini hasa?

Kwa njia yoyote kazi ni ile ile, ila mpangilio unageuka. Kizazi kinashikiliwa na kano pembeni na nyuma, na kinalishwa na mishipa mikubwa miwili ya damu, mmoja kila upande, inayoingia karibu na mlango wa kizazi. Hivyo vyote vinafungwa na kukatwa, kibofu kinasogezwa mbele, kisha sehemu ya juu ya uke inashonwa.

Anayepitia tumboni au kwa matundu anaanza juu: kano ya mviringo, mirija ya uzazi, kisha anashuka hadi kwenye mishipa ya damu na kumalizia kwa kukata uke kuzunguka mlango wa kizazi. Anayepitia ukeni anaanza pale mwenzake anapomalizia. Anakata duara kuzunguka mlango wa kizazi, anasukuma kibofu juu, anafungua nyuma na mbele, anafunga kano za nyuma, halafu mishipa ya damu, na mwisho vya juu. Kisha anashona kilele cha uke kwenye kano za nyuma ili kisije kuporomoka miaka ya baadaye. Hatua hii ya mwisho huchukua dakika chache na huwa inarukwa na wenye haraka.

Mahali pa hatari pako pamoja kwa wote. Mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo unapita chini ya mshipa wa damu wa kizazi, sentimita 1.5 hadi 2 tu kutoka mlango wa kizazi. Damu ikifoka hapo na daktari akibana bila kuona, kibanio kinaweza kuushika na mrija. Kwenye matundu, chombo cha umeme kinaweza kuuchoma bila kuugusa, kwa joto linalosambaa milimita chache. Mrija hautoboki siku hiyo, unatoboka baada ya wiki moja au mbili, nyama iliyoungua inapokufa.

Madhara yanatofautianaje?

Mkato wa tumbo unaongoza kwa kidonda kupata usaha, homa na maumivu ya siku za mwanzo. Miezi au miaka baadaye unaweza kuleta ngiri kwenye kovu. Mwanamke mnene na mwenye kisukari ndio wanaoumia zaidi hapo. Ukeni hakuna kidonda cha kuoza tumboni. Kinachosumbua ni damu kujikusanya juu ya uke na kugeuka jipu, kinachojulisha kwa homa na uchafu wenye harufu kati ya siku ya 5 na ya 10.

Kwa matundu, jeraha la kibofu au mrija wa mkojo ndilo la kuogopa: takriban 2 kati ya 100, ukilinganisha na 1 kati ya 100 kwa kufungua tumbo. Mshono wa juu ya uke kuachia ni nadra kwa njia zote, lakini unaachia zaidi baada ya matundu na roboti, kwa kuwa uke hukatwa kwa umeme na kingo zake huungua. Maumivu ya bega siku mbili za kwanza si moyo wala baridi. Ni mabaki ya gesi yanayokera kiwambo kilicho chini ya mapafu.

Utafiti mkubwa uliochapishwa 2004, uliofanyika Uingereza na Afrika Kusini, unastahili kusomwa na kila anayesifia matundu. Uliwapanga kwa kura wanawake 1,380. Madhara makubwa yalikuwa asilimia 11.1 kwa matundu na 6.2 kwa kufungua tumbo. Kwenye kundi lililolinganisha matundu na ukeni, 9.8 na 9.5. Ni kweli kwamba kuanza na matundu kisha kulazimika kufungua kulihesabiwa kama dhara, na vyombo vimekuwa bora tangu wakati huo. Na ni kweli pia kwamba waliotumia matundu waliumwa kidogo na wiki ya sita walijisikia vizuri kuliko wenzao. Muda ni jambo lingine: matundu yalichukua dakika 84 dhidi ya 50 za tumbo, na 72 dhidi ya 39 za ukeni. Kumbuka dakika hizo ukifika kwenye swali la bei.

Mkojo unanitoka bila kujizuia baada ya upasuaji. Nisubiri?

Usisubiri. Mkojo unaotiririka ukeni mchana na usiku, hata ukiwa umelala, ni dalili ya fistula: tundu kati ya kibofu, au mrija wa mkojo, na uke. Ukiwa unajikojolea vile na huku bado unakwenda haja ndogo kama kawaida, mara nyingi ni mrija wa upande mmoja. Maumivu ya ubavu na homa bila mkojo kuvuja vinaweza kumaanisha mrija umefungwa na uzi, na figo ya upande huo inaanza kufa kimya kimya.

Fistula haitokani na uchungu wa uzazi wa muda mrefu peke yake. Katika mapitio ya wanawake 5,959 walioshonwa fistula, wengi wao Afrika Mashariki, takriban 13 kati ya kila 100 walikuwa wamejeruhiwa wakati wa upasuaji. Wengi ni upasuaji wa uzazi, na kutoa kizazi kumo. Ikigundulika mapema, mpira wa mkojo uliokaa wiki kadhaa huweza kuziba tundu dogo la kibofu bila kisu. Ikichelewa inashonwa, na Dar es Salaam hospitali ya CCBRT inatibu fistula bila malipo. Usikubali kuambiwa ni "udhaifu wa kawaida" bila kupimwa.

Kila njia inagharimu kiasi gani?

Hakuna bei moja, na bei za hospitali hubadilika, kwa hiyo hatuandiki shilingi hapa. Mpangilio ndio hautofautiani sana: ukeni ni rahisi kuliko zote, tumbo na matundu vinafukuzana, roboti iko juu kabisa.

Katika utafiti ule wa 2004, matundu yaliizidi njia ya ukeni kwa wastani wa pauni 401 kwa kila mgonjwa, na yaliizidi njia ya tumbo kwa pauni 186. Pengo la pili ni dogo kwa sababu fedha zilizopotea kwenye vyombo ziliokolewa kwenye siku za kitanda. Hapo ndipo ugeuze hesabu kwa mazingira yetu. Uingereza kitanda cha hospitali ni ghali sana na vyombo ni rahisi kidogo. Kwetu kitanda cha wodi ya kawaida ni nafuu na vyombo vinaagizwa nje kwa dola. Kwa hiyo siku mbili unazookoa wodini hazifuti bei ya chombo cha kukatia kinachotumika mara moja na kutupwa.

Bili ya matundu inashuka sana hospitali ikitumia mabomba ya chuma yanayotakaswa kwa mvuke wa joto kali na kurudiwa, kibanio cha umeme cha kawaida na mshono wa mkono, badala ya seti ya plastiki. Uliza swali hilo moja: vyombo ni vya kurudiwa au vya kutupwa? Lakini kama chombo kilitengenezwa kitumike mara moja na hospitali inakirudia kwa kukiloweka kwenye dawa, unachookoa kwenye bili unaweza kukilipa kwa maambukizi.

Kisha weka gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Mfano tu: mama mwenye genge anayebaki na shilingi 15,000 kwa siku akirudi kazini siku 14 mapema ameokoa shilingi 210,000, bila kuhesabu nauli na posho ya ndugu anayemuuguza. Kwa mwajiriwa mwenye likizo ya ugonjwa yenye malipo, hesabu hiyo haipo, na njia ya tumbo inaweza kuwa na maana kwake kifedha. Ndiyo maana jibu la "ipi nafuu" halifanani kwa watu wawili.

Bei niliyopewa inajumuisha nini?

Mara nyingi si vyote. Omba makadirio kwa maandishi na uangalie kama yametaja daktari mpasuaji na msaidizi wake, daktari wa usingizi, chumba cha upasuaji kwa saa, vifaa, siku za kitanda, dawa za kwenda nazo nyumbani, na mambo mawili yanayosahaulika kuliko yote: damu na kipimo cha nyama. Uliza pia nani analipa tofauti iwapo matundu yatashindikana na tumbo kufunguliwa. Hospitali nyingine hutoza njia zote mbili.

Bima italipa?

Kutoa kizazi kwa sababu ya ugonjwa hulipwa na bima nyingi, lakini kwa kibali kinachoombwa kabla. Swali la kuuliza ni kama wanalipia njia ya matundu kwa bei yake au wanalipa bei ya upasuaji wa kawaida na wewe unaongeza. Tanzania uliza dawati la NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, la hospitali hiyo hiyo. Kenya, SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF ya huko tangu Oktoba 2024, kwa hiyo usitegemee alicholipiwa shangazi yako miaka mitatu iliyopita.

Na roboti?

Kwa ugonjwa usio saratani, ni gharama zaidi bila faida inayoonekana kwa mgonjwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2013 uliangalia wanawake 264,758 waliopasuliwa kati ya 2007 na 2010: madhara yalikuwa asilimia 5.5 kwa roboti na 5.3 kwa matundu ya kawaida, na kila upasuaji wa roboti ulizidi kwa dola 2,189. Katika miaka hiyo mitatu matumizi yake yalipanda kutoka asilimia 0.5 hadi 9.5 ya upasuaji wote wa kutoa kizazi. Tangazo lina nguvu. Kama unafikiria kusafiri nje kwa ajili ya roboti tu, fedha hizo zinaweza kukupatia daktari mzuri wa ukeni au wa matundu karibu na kwenu na zikabaki.

Nifanye nini kabla ili kupunguza hatari na bili?

Pandisha damu kwanza. Wengi wanaofika kwa ajili ya fibroidi wana himoglobini ya 6 au 7, na chupa za damu zinatafutwa usiku wa kuamkia upasuaji. Kama si dharura, lenga 10 na zaidi, na ikiwezekana 12. Vidonge vya madini ya chuma vya miligramu 200, kimoja kwa siku au siku moja ukiruka moja, vinapandisha gramu 1 hadi 2 kwa mwezi hivi, mradi usivimeze na chai. Chai, ya maziwa au ya rangi, inazuia chuma kufyonzwa. Meza na maji au juisi ya chungwa, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada. Kama damu inatoka kuliko inavyoingia, daktari anaweza kukuandikia tranexamic acid, dawa ya kupunguza kutoka damu, gramu 1 mara tatu kwa siku, siku 4 hadi 5 za hedhi nzito, au sindano ya chuma ya mshipani.

Sindano za homoni (si zile za uzazi wa mpango) zinazotumika kwa miezi mitatu hivi kabla ya upasuaji, zinazosimamisha hedhi na kuifinyaza fibroidi, huweza kukugeuza kutoka mgonjwa wa kufungua tumbo kuwa wa ukeni. Zina bei, kwa hiyo zipigie hesabu pamoja na daktari.

Tibu uchafu wa ukeni wenye harufu kabla ya siku yenyewe. Dhibiti sukari na presha. Acha sigara. Siku ya upasuaji, sindano ya kuzuia maambukizi hupigwa ndani ya dakika 60 kabla ya kisu, na kwa upasuaji uliokwenda vizuri dozi hiyo moja inatosha. Kuendelea na sindano siku 5 au 7 "kwa usalama" kunaongeza bili na usugu wa vijidudu, hakuongezi kinga. Unyoaji wa wembe nyumbani usifanye: michubuko yake ndiyo mlango wa usaha.

Ovari na mlango wa kizazi vibaki?

Ovari nzima kwa mwanamke ambaye hajakoma hedhi, kwa kawaida zinabaki. Kuzitoa kabla ya miaka 45 kunaleta joto la ghafla, mifupa dhaifu na hatari zaidi ya moyo. Mirija ya uzazi ndiyo inayotolewa siku hizi, kwa kuwa saratani nyingi za ovari huanzia humo.

Kuacha mlango wa kizazi kunafupisha upasuaji mgumu, lakini utaendelea kuhitaji vipimo vya saratani ya mlango wa kizazi, na wachache hupata matone ya damu kila mwezi. Hakuna ushahidi kwamba kuuacha kunaboresha tendo la ndoa.

Na kama ni saratani?

Hapa mpangilio wa juu unapinduka. Kwa saratani ya mlango wa kizazi iliyo hatua za mwanzo, utafiti wa wanawake 631 uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba baada ya miaka 4.5, waliokuwa bila ugonjwa ni asilimia 86.0 kati ya waliopasuliwa kwa matundu au roboti na 96.5 kati ya waliofunguliwa tumbo. Kwa saratani hiyo, basi, kovu kubwa ndilo chaguo. Kwa uvimbe mdogo usiozidi sentimita 2, utafiti wa 2024 uliona kwamba kutoa kizazi kwa namna ya kawaida, bila kuchimba nyama za pembeni, hakukuongeza ugonjwa kurudi. Ugonjwa ukishatoka nje ya mlango wa kizazi, tiba ni mionzi na dawa, kama inavyotolewa katika taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Kisu hapo kinachelewesha.

Saratani ya ukuta wa ndani wa kizazi ni tofauti: kwa saratani hiyo, matundu hayapunguzi uhai na yanapunguza siku za wodini.

Nitarudi lini nyumbani, kazini na chumbani?

Ukeni na matundu, siku 1 hadi 2 wodini. Tumbo, siku 2 hadi 5. Kazi ya kukaa, wiki 2 hadi 4 kwa njia mbili za kwanza na 6 hadi 8 kwa tumbo. Ndoo ya lita 20, gunia na mtoto mgongoni vingoje wiki 6 kwa njia zote, hata kama nje hakuna mshono unaoonekana. Kilichoshonwa kiko ndani. Tendo la ndoa, baada ya wiki 6 hadi 8 na baada ya kupimwa, na kwa matundu elekea kwenye 8 au zaidi.

Nirudi hospitali haraka nikiona nini?

Damu nyekundu inayolowesha pedi ndani ya saa moja, homa, tumbo kuvimba na kutapika bila kupata ushuzi, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kukata ghafla, maji yanayotiririka ukeni, kitu kuchomoza ukeni kwa ghafla baada ya tendo la ndoa au kuchuchumaa. Hilo la mwisho ni utumbo: funika kwa kitambaa safi kilicholoweshwa, lala, usirudishe ndani kwa mkono. Matone ya kahawia kwa wiki mbili tatu ni ya kawaida.

Kipimo cha nyama kina ulazima gani, na nani anakifuatilia?

Kila kizazi kilichotolewa kipelekwe maabara ya patholojia, hata kama "kilionekana ni fibroidi tu". Pale ndugu wanapopewa chombo wakipeleke wenyewe, hakikisha ndani kuna fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama, na si maji wala chumvi, kiwango chake kifunike nyama yote na kuizidi mara kadhaa kwa ujazo, na jina limeandikwa kwenye kopo lenyewe, si kwenye mfuniko. Majibu huchukua wiki moja hadi tatu au nne. Yachukue mwenyewe, soma jina kama ni lako, na uyapeleke kwa daktari aliyekupasua siku ya kuangaliwa mshono. Nakala moja ibaki nyumbani.